Pancha ya Trekta Ikirudi Mara Tatu

Msomaji wetu anayelima upande wa Ruai, mashariki mwa Nairobi, ametuandikia kwa uchungu. Tairi la nyuma la trekta yake limezibwa mara tatu ndani ya wiki mbili, na kila mara limelala chini kabla hajamaliza ekari ya pili. Anauliza kama tubu, ule mpira wa ndani unaoshika upepo, ni mbovu. Huenda tubu haina kosa lolote: mwiba bado umo ndani ya tairi.

Kuanzia Njiru hadi Kamulu, shamba na ploti ya ujenzi zimepakana. Kuna miba ya migunga iliyo mirefu na migumu, kuna misumari ya mbao za fomu, kuna vipande vya waya wa kufungia nondo. Mwiba ukiingia katikati ya meno ya tairi hukatika kwa nje, na ukitazama huoni kitu. Ncha hubaki kwenye mpira. Tairi la shambani huendeshwa na upepo mdogo, kwa hiyo hujikunja kila linapozunguka, na kila mkunjo huisukuma ile ncha kidogo zaidi kuelekea tubu. Fundi aliyezoea matatu huziba tundu, hupapasa ndani mara moja, hurudisha. Ukiona tundu jipya limetokea kando ya kiraka cha zamani, usilaumu gundi.

Kwanza, usilitoe gurudumu kwenye trekta kama si lazima. Tairi la saizi ya 18.4-30 likijazwa maji ya kuongeza uzito hadi robo tatu hubeba zaidi ya lita 200, mbali na uzito wa mpira na chuma. Gurudumu la namna hiyo likianza kuanguka, watu wawili hawalizuii. Pancha ya tubu huzibwa gurudumu likiwa mahali pake, kwa kubandua upande wa nje tu. Paki mahali tambarare, zima injini, shusha jembe, funga breki, weka magogo mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Chini ya jeki weka ubao mpana na mnene, kwa sababu udongo mweusi wa huku ukilowa humeza jeki polepole huku wewe umeinama. Ukishainua, weka stendi au magogo imara chini ya ekseli. Jeki peke yake haitoshi, na hapa hatubembelezi mtu.

Tairi likiwa na maji, zungusha valvu iwe juu kabisa, fungua pini ya ndani ya valvu taratibu, upepo utoke kwanza. Kisha zungusha valvu iwe chini, maji yamwagike. Ukianza na valvu chini, upepo utayasukuma maji usoni pako.

Kabla ya kutoa tubu, chukua chaki, piga alama kwenye tairi mkabala na valvu, na alama nyingine kwenye tubu kuonyesha upande wa nje. Watu wengi huruka hatua hii, nayo ndiyo inayookoa siku nzima. Baadaye, ukishapata tundu kwenye tubu, utapima umbali wake kutoka kwenye valvu, uende moja kwa moja mahali pale pale kwenye tairi.

Paka maji ya sabuni kwenye ukingo wa tairi, ule wenye waya ndani, kisha uangushe kutoka kwenye rimu kwa kabari na nyundo, kidogo kidogo kuzunguka. Anza kubandua karibu na valvu, huku msaidizi akikanyaga upande wa pili ukingo uzame kwenye mfereji wa katikati ya rimu. Usipozama, utavuta mitalimbo ya kubandulia mpaka uchoke, na mwishowe utakata tubu au waya. Ingiza ncha ya mtalimbo kwa kina kifupi tu.

Tubu ikishatoka, inaweza kwenda kwa bodaboda hadi kwa fundi mwenye kompresa. Itiwe upepo, izamishwe majini kipande kwa kipande, na shina la valvu pia. Tundu likipatikana, kausha, sugua kwa msasa eneo pana kuliko kiraka, pangusa vumbi. Usipanguse kwa petroli ya kituoni, kwani huacha mafuta na kiraka kitabanduka. Kiraka kizidi tundu kwa sentimita 2.5 kila upande. Paka gundi nyembamba, subiri kama dakika 5 hadi 10 mpaka isishike kidole, kisha bandika na ubane kutoka katikati kwenda pembeni. Haraka katika dakika hizo chache ndiyo inayoharibu viraka vingi.

Sasa rudi kwenye tairi. Usipapase kwa kiganja kitupu. Kunja kitambaa chepesi, kama soksi kuukuu, upitishe ndani yote polepole, kwenda na kurudi, maana mwiba uliolala hunasa nyuzi upande mmoja tu. Pale chaki inapokuonyesha, msaidizi alikunje tairi kwa mtalimbo huku wewe ukimulika tochi. Ng'oa kwa koleo, au usukume kwa bisibisi kutoka ndani kwenda nje. Kama nyuzi za tairi zimekatika, bandika kiraka kinene ndani ya tairi lenyewe, la sivyo ule mpasuko utaifinya tubu hadi itoboke tena. Angalia pia kutu kwenye rimu, uikwangue.

Paka tubu unga wa talki, iingize, itie upepo kidogo ikae umbo. Rudisha ukingo ukianzia mkabala na valvu na kumalizia kwenye valvu. Kabla ya kumalizia, sukuma shina la valvu ndani ili tubu isibanwe.

Kutia upepo ndiko kunakoua. Kaa pembeni, si mbele ya tairi, tumia mpira mrefu wa upepo wenye kibanio cha kushika valvu. Ukingo ukikataa kukaa na geji imefika psi 35, acha. Toa upepo wote, paka sabuni, anza upya. Kuzidisha ili "ujipige wenyewe" hukata waya wa ukingo, na tairi hulipuka. Ukishakaa sawa, toa upepo wote mara moja ili mikunjo ya tubu ijinyooshe, ndipo utie wa kazi: kwa tairi nyingi za nyuma ni psi 12 hadi 16 shambani, ila kijitabu cha trekta ndicho kinachoamua. Za mbele huhitaji karibu mara mbili ya hapo. Kama unarudisha maji, valvu iwe juu na maji yakome usawa wake.

Kwa tairi lisilo na tubu, ule mkanda wa kuchomeka kutoka nje ni wa kukufikisha nyumbani tu.

Na kwa msomaji wetu wa Ruai: kama viraka vyako vitatu vimepandana, usiongeze cha nne. Nunua tubu mpya. Soma saizi ubavuni mwa tairi, uiandike, na ukifika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga omba yenye valvu ya maji na upepo, TR218A. Ila usiiingize mpaka soksi imepita ndani ya tairi mara mbili.