Muulize Ami: Goti limekataa, nishike makaratasi?

SWALI: Ami vipi hali? Mi ni kijana wa Tudor, nimecheza raga tangu skuli mpaka goti likakataa na daktari ashasema basi. Wenzangu wanataka nigombee ukatibu wa klabu lakini naona hiyo kazi ya wazee bana. Kuna mchezaji aliyefika popote na makaratasi?

JIBU: Njema mwanangu, pole na goti. Yuko, ila si wa raga yetu ya watu 15 ama ile ya 7 mnayocheza pale Sports Club, ni ile raga ligi ya watu 13, iliyojitenga Uingereza mwaka 1895 manake wachezaji wa kaskazini walikuwa watu wa migodini na viwandani, wakicheza wanakatwa mshahara, wakataka wafidiwe na wakubwa wakakataa.

Anaitwa Ken Arthurson, wa Sydney. Alichezea klabu ya Manly, fainali ya 1951 wakachapwa 42-14 na South Sydney. Akawa kocha hapohapo, fainali ya 1957 na 1959 St George wakawafunga zote mbili. Yaani uwanjani hana kombe la ligi kuu, ukocha pia hana!

Sasa sikiza, miaka ya 60 akashika ukatibu na hapo ndo mambo yakageuka, kwa sababu katibu aliyecheza hadanganywi kuhusu mchezaji. Akamsajili mchezaji Bob Fulton akiwa kijana, mwenzake Malcolm Reilly akatolewa klabu ya Castleford huko Uingereza, na 1972 Manly wakabeba ubingwa wao wa kwanza, wakarudia 1973, 1976 na 1978. Kazi ya wazee hiyo.

Baadaye akaongoza ligi nzima ya Australia na huko alikiona, manake 1995 kampuni ya Rupert Murdoch ilikuja na mpango wa ligi yake sababu ya haki za tivi, wachezaji wakagombaniwa kwa mapesa, kesi mahakamani, mpaka 1997 zikachezwa ligi mbili mbalimbali. Mwaka huohuo akaachia kiti. Na fainali ya upande wake Newcastle wakawafunga Manly 22-16, kocha wa Newcastle akiwa Reilly yuleyule.

Kwa hivyo gombea, lakini kwanza muombe katibu aliyeko akuachie usajili wa wachezaji na daftari la pesa msimu mmoja, maanake klabu nyingi zinafia hapo. Kozi ya ukocha fanya pia, goti bovu halikuzuii kushika filimbi.