Kabla hujamuuzia mtu samaki

Simu utakayoipokea mara nyingi kuliko zote katika kazi hii ni hii: "Fundi, wale samaki wamekufa wote. Niletee wengine sita." Anayepiga hana huzuni wala aibu. Anaagiza kama anayeagiza balbu iliyoungua.

Mdogo wangu unayeanza kuuza samaki wa mapambo hapa Dar na kuhudumia matangi majumbani kwa watu, simu hiyo itakukera. Mimi mwaka wa 11 huu na bado inanikera. Nimekuta samaki wa dhahabu watatu kwenye bakuli la lita 4, juu ya friji, wanahema midomo nje. Nimekuta tangi la mapokezi ya ofisi limegeuka kijani kama mboga ya mlenda, na dada wa mapokezi ananiambia kuna wawili "wamelala" chini, leo siku ya tatu. Nimekuta samaki aina ya beta kwenye glasi ya kunywea maji, zawadi ya mtoto aliyetimiza miaka mitano.

Beta ndiye ugomvi wangu mkubwa. Ni kweli ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, kwa hiyo hafi upesi kama wenzake. Basi watu wameona kuwa asipokufa upesi ndiyo raha yake hiyo, na sisi wauzaji tumewaacha waamini, maana kikombe kinauzika haraka kuliko tangi.

Hebu uelewe kinachoua, kwa sababu mteja hatakielewa kama wewe hukielewi. Samaki hutoa amonia, taka ya mwili wake, sehemu kubwa kupitia matamvua, na amonia hiyo haina pa kwenda. Huioni kwa macho. Maji yanaweza kung'aa kama ya chupa na yakawa sumu. Joto likipanda, ukali wake unazidi, na maji ya moto hayohayo hubeba oksijeni kidogo. Bakuli juu ya friji, mwezi Februari, Dar: piga hesabu mwenyewe.

Kinga yake ni bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta, kwenye changarawe na mawe. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu. Kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka ubadilishe maji. Kujijenga kwenye tangi jipya huwachukua kama wiki 4 hadi 6. Mteja wetu ananunua tangi na samaki Jumamosi moja. Ijumaa inayofuata simu inaita.

Lakini kabla hujamfokea, ngoja nikusimulie yangu. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nahudumia tangi lenye samaki 14 wa jamii ya siklidi, aina ya Tropheus, wa Ziwa Tanganyika, waliosafirishwa kutoka Kigoma kwa gharama ambayo sikutamani kuijua. Nikaona filta imechafuka. Nikaipeleka sponji bombani, nikaisugua mpaka ikatoa maji meupe, mikono inanukia klorini, nikajiona fundi. Siku ya nne walikuwa wamebaki wanne. Niliosha bakteria karibu wote, na bakteria waliobaki nikawaua kwa klorini. Mwenye tangi alikuwa amefanya kila nilichomwelekeza. Sponji huoshwa ndani ya ndoo, kwa maji uliyoyatoa kwenye tangi lenyewe, tena huikamui mpaka iwe mpya.

Tangu hapo nauliza kwanza. Tangi lina lita ngapi? Wengi hawajui, pima urefu, upana na kimo kwa sentimita, zidisha, gawa kwa 1,000. Liliwekwa maji lini? Halafu swali linalotoa majibu yote: maji unabadilishaje? "Namwaga yote kila Jumapili, nalisugua kwa sabuni." Huyo si mkatili hata kidogo. Nyumba yake inang'aa, vyombo vyake vinang'aa, na samaki wake wanakufa kwa usafi. Mwambie robo ya maji kwa wiki inatosha, sabuni isiguse tangi, na maji ya bomba yapate dawa ya kuondoa klorini au yakae kwenye ndoo wazi usiku na mchana.

Ukubwa usiufiche. Samaki wa dhahabu ambaye dukani ni kidole gumba anaweza kupita sentimita 20 na kuishi zaidi ya miaka 10. Pleko anauzwa kama "mfagiaji", urefu wa kidole. Akikua anafika sentimita 30 na kuendelea, na kinyesi chake kinashinda alichofagia. Ukisikia eti samaki hukua kulingana na tangi, jua anayezungumziwa amedumaa. Na mbuna wa Ziwa Nyasa, warembo wetu wale wa bluu na njano, usiwachanganye na samaki wa dhahabu ati kwa sababu rangi zinapendezana. Mbuna ni wagomvi, watamnyofoa mapezi.

Yuko pia atakayechoka na kutaka kuwamwaga mtoni. Wachukue bure, hata kama huna nafasi. Pambo likifika mtoni linaweza kuwa balaa: gugu maji lililosumbua Ziwa Victoria asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilisambazwa duniani kwa sababu lilipendeza kwenye mabwawa ya watu.

Kugoma kuuza ndiko kutakukosanisha na bosi. Mimi namuuzia mteja tangi, filta na mimea, namwambia arudi baada ya mwezi, na nampa bure kipande cha sponji iliyokomaa ili bakteria waanze mapema. Baadhi hawarudi. Nikikasirika ni hasira za mkizi, furaha ya mvuvi: anavuka barabara na duka la pili linamfungia samaki kumi kwenye mfuko. Hilo linauma, sijapata dawa yake. Wanaorudi lakini huwa wateja wa miaka, wa chakula, wa sponji, wa pampu ndogo ya betri ya kuendesha hewa umeme ukikatika.

Kwa hiyo simu ya "niletee wengine sita" ikija, sema unakuja, ila samaki usibebe. Mwambie asimwage maji wala asiguse filta mpaka ufike. Chukua ndoo, kipimo cha amonia, na sponji iliyokomaa kwenye mfuko wenye maji ya tangi. Usiiache ndani ya gari juani.