Muulize Nahodha: Skrini ya kugusa na mvua ya usiku

SWALI: Shikamoo Nahodha. Nataka kununua plota ya ramani, yaani kifaa cha skrini kinachoonyesha ramani ya bahari na mahali boti ilipo, kwa ajili ya boti yangu ya mita 8. Usukani wake uko wazi, hauna paa. Muuzaji ananihimiza nichukue ya skrini ya kugusa tupu, isiyo na kitufe hata kimoja. Anasema ina kiwango cha IPX7, kwa hiyo mvua si kitu. Baharia mwenzangu ananikataza. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msikilize baharia mwenzio. Muuzaji hakukudanganya, ila amejibu swali ambalo hukumwuliza. IPX7 maana yake kifaa kikizama mita 1 kwa dakika 30, maji hayaingii ndani kukiharibu. Kama kioo kitakutii kikiwa kimelowa, hilo ni jambo jingine kabisa.

Skrini nyingi za siku hizi hazipimi unabonyeza kwa nguvu gani. Zinahisi umeme unavyobadilika kidole kinapogusa kioo. Maji ya chumvi nayo hupitisha umeme, tena vizuri, kwa hiyo yakitua pale kioo huweza kuyadhania ni kidole. Na kidole chako halisi, kikiwa ndani ya glavu nene, huenda kisihisiwe kabisa.

Usiku mmoja nilikuwa naingia kwenye mlango wa miamba, mvua ikipiga ubavuni na mawimbi yakinirushia maji usoni. Plota haikuzimika. Ingezimika ningejua la kufanya. Mchirizi wa maji ulishuka kutoka pembe ya juu ya kioo na ramani ikaufuata: ikateleza kushoto, kisha ikajipunguza yenyewe hadi ikaonyesha bahari nzima ya pale. Nikafuta kwa mkono wa koti, na kule kufuta kukawa amri nyingine. Nilipoipata tena alama ya boti yangu, maji yote kuizunguka yalikuwa safi, hayana mwamba hata mmoja. Na mwamba wenyewe nilikuwa nausikia ukivuma mbele yangu! Niligeuza omo, yaani mbele ya boti, nikashika dira kurudi kwenye maji ya kina, nikangoja kuche.

Hilo ndilo ninalotaka ulielewe vizuri. Ramani hizi huficha vitu vidogo unapotazama eneo kubwa. Tarehe 29 Novemba 2014, mashua ya mashindano ya Team Vestas Wind iliparamia miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki mwa Mauritius, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba ramani haikukuzwa vya kutosha hatari ionekane. Wale walikuwa mabaharia hodari, na kioo hakikuwachezea. Wewe utakuwa peke yako, gizani, na kioo kinachojipunguzia ramani.

Nunua yenye vyote viwili: kugusa kwa siku tulivu, vitufe kwa siku mbaya, na kidude cha kuzungusha cha kukuzia ramani. Ukiwa dukani fumba macho, papasa, ujaribu kukuza na kupunguza. Ukishindwa hapo penye sakafu iliyotulia, baharini hutaweza. Omba pia uguse kioo kwa vidole vilivyochovywa kwenye maji ya chumvi. Muuzaji akikataa, ondoka.

Ikiwa umeshalipa, uliza kama kuna kibodi ya vitufe ya kuunganisha pembeni. Baadhi ya plota huikubali. Jifunze kufunga skrini isipokee mguso, na uifunge kabla mvua haijafika, ramani ikiwa imekuzwa unavyotaka. Chumvi iliyokauka kwenye kioo ioshe kwa maji yasiyo na chumvi na kitambaa laini.

Halafu, kabla ya kung'oa nanga, andika nyuzi za dira na umbali wa kila kipande cha safari. Karatasi yangu hukaa mfuko wa ndani wa koti, imefungwa kwenye nailoni, na nimeiandika kwa penseli kwa sababu wino huyeyuka.