Barua kwa Mwanangu: Baba Yako Alipokuwa Lukaya

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia. Unaniuliza kama ni kweli, kama ulivyosikia msibani, kwamba marehemu baba yako alikuwa miongoni mwa mgambo waliokimbia Lukaya, kule Uganda, wakati wa Vita vya Kagera. Ni kweli, mwanangu. Lakini aliyekusimulia ameikata habari ya siku mbili akakupa ya siku moja, na mimi sitaki ubaki na nusu hiyo.

Baba yako hakuwa mwanajeshi wa kuajiriwa. Alikuwa mkulima wa pamba, na mafunzo ya mgambo aliyapata hapahapa kijijini. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, wakatangaza kwamba ardhi yote hadi Mto Kagera ni ya Uganda, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa; wao wakalilipua daraja la Kyaka, na haukupita muda vijana wa mgambo wakaanza kuitwa. Babu yako, ambaye naye alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza, na kupigana na Wajapani kule Burma, hakumzuia wala hakumsifu. Alimkalisha barazani, akamkagua miguu kidole kwa kidole, akamwonya asilale hata siku moja na soksi zilizolowa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona huyu mzee hana la maana la kumwambia mwanawe. Baadaye nilielewa, kwa sababu jeshi lile sehemu kubwa ya njia ya Kampala lililimaliza kwa miguu.

Alipangwa Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo ambao hawakuwa wamewahi kuiona vita. Tarehe 10 Machi 1979 walikuwa Lukaya, pale ambapo barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inapita katikati ya kinamasi. Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin wakawafyatulia makombora ya Katyusha. Baba yako aliniambia kwamba mengi yalipita juu ya vichwa vyao na kuangukia mbali, ila mlio wake hakuna aliyekuwa amewafundisha kuuvumilia. Mstari ukavunjika. Yeye alijitosa kwenye mafunjo, maji yakimfika kiunoni, bunduki ameiinua juu isilowe, na humo akakaa gizani na wenzake bila kujua nani yuko upande gani.

Usiku huo mkuu wao, Jenerali Msuguri, ambaye kama babu yako aliwahi kuwa Keya, akiuanza uaskari mwaka 1942, alikuwa ameiagiza Brigedi ya 208 izunguke na kumkata adui kwa nyuma. Alfajiri ya tarehe 11 wale wa 208 walishambulia, na 201, ileile iliyotawanyika jana yake, ikajikusanya na kurudi mbele. Baba yako alirudi nayo. Lukaya ikachukuliwa, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka.

Kwa nini hakukusimulia? Aliporudi tulikuwa katika ile miezi 18 ambayo Mwalimu alituomba tufunge mikanda, sukari na sabuni ni za foleni, shamba limeota magugu, na yeye akashika jembe. Aliyemuuliza alijibiwa, lakini alianza daima na usiku wa kwenye mafunjo, hakuuruka. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu wengine waliondoka na nusu ya habari: walisikia alivyokimbia, wakanyanyuka kabla hajafika alfajiri.

Mimi ninajua hadi Lukaya tu. Baba yako mdogo aliyeko Geita walikuwa naye kikosi kimoja, na bado ana kumbukumbu nzuri. Ukipata likizo, mpitie kabla ya kuja huku, ukae naye akueleze njia nzima hadi Kampala, na uandike.

Mimi mama yako.