Usianze na kilele cha mwaka jana

Umeuliza kama, ili kukadiria mahitaji ya umeme ya miaka ijayo, inatosha kuzidisha kilele cha mwaka jana, yaani mahitaji makubwa kabisa kwa wakati mmoja, kwa kasi ya ukuaji wa pato la taifa. Haitoshi. Kenya mwaka 2013 ilipanga kuongeza megawati 5,000 ndani ya miezi 40, huku mpango wake wa maendeleo, Dira ya 2030, ukitarajia uchumi ukue kwa asilimia 10 kwa mwaka. Hadi 2019 kilele kilikuwa bado chini ya megawati 2,000. Mtambo uliokaa bure bado hulipwa, na gharama humwangukia mteja.

Anza na nishati iliyouzwa kwa kila kundi: majumbani, biashara, viwanda. Tuseme jumla ni gigawati-saa 10,000 na upotevu wa njiani ni asilimia 20 ya umeme uliozalishwa. Gawanya kwa 0.8, upate 12,500. Wengi hukosea hapa kwa kuzidisha kwa 1.2. Kisha gawanya kwa saa 8,760 za mwaka mara kigezo cha mzigo (wastani wa mahitaji ukigawanywa kwa kilele), tuseme 0.7: kilele ni kama gigawati 2.04, yaani megawati 2,040.

Miaka ya mgao wa umeme irekebishe kwanza, maana mauzo yake hayaonyeshi mahitaji halisi. Na wateja wapya wa vijijini usiwape wastani wa mjini. Wengi huwasha taa na kuchaji simu tu.