Maswali ya Muziki: Banjo Nyuma ya Mwimbaji

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, ninaishi Kisasa hapa Dodoma. Miaka miwili iliyopita mgeni mmoja kutoka Marekani, alipokuwa akirudi kwao, aliniachia banjo yenye nyuzi tano, nami nimejifunza mizunguko mitatu ya vidole kwa mtindo wa blugrasi, ule muziki wa Marekani wa banjo, fidla na gitaa. Nikipiga peke yangu mambo yanakwenda vizuri. Tatizo linakuja Jumamosi tunapokutana na wenzangu, mmoja wa gitaa, mmoja wa fidla na dada mmoja anayeimba, kwani wote wananiambia kwamba ninamfunika mwimbaji. Nikipunguza sauti, mzunguko unavurugika. Nikiuacha mzunguko, sijui nipige nini. Naomba unielekeze.
Msomaji wa Kisasa, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwalimu. Tatizo lako ninalifahamu kwa karibu, maana liliwahi kuwa langu. Nilipokuwa nikipiga gitaa la ridhimu katika bendi ya dansi, siku moja mazoezini mwimbaji wetu alinyamaza katikati ya ubeti, akanisogelea, akaweka kiganja chake juu ya nyuzi zangu, kisha akaendelea kuimba akisindikizwa na besi na ngoma peke yake. Hakusema neno. Siku hiyo ndipo nilipoyasikia kwa mara ya kwanza maneno ya wimbo ambao nilikuwa nimeupiga kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo, kabla ya kugusa banjo Jumamosi ijayo, jifunze maneno ya kila wimbo mnaoupiga mpaka uweze kuuimba mwenyewe, na uweke alama kila mahali ambapo dada huyo anavuta pumzi. Sehemu hizo za pumzi ndizo zako. Zilizobaki ni zake.

Sasa tuje kwenye vidole. Mzunguko wa blugrasi una noti nane katika kipimo cha mapigo manne, zinazopigwa na dole gumba, kidole cha shahada na kidole cha kati. Mtindo huu ulienea hasa kupitia Earl Scruggs wa North Carolina, aliyejiunga na bendi ya Bill Monroe mwishoni mwa mwaka 1945, na ukisikiliza rekodi zake za miaka iliyofuata, usiishie kwenye zile sehemu ambazo banjo inatamba peke yake. Sikiliza anachofanya wakati Lester Flatt, mwimbaji na mpiga gitaa mwenzake, anaimba. Vidole havisimami, lakini banjo imeshuka, imerudi nyuma, kisha inajitokeza kwa noti tatu au nne pale tu sentensi ya mwimbaji inapokwisha.

Anza na mzunguko ambao bila shaka tayari unao, ule wa nyuzi 3, 2, 1, 5, 1, 2, 3, 1, ambao dole gumba linapiga uzi wa 3, wa 5 na tena wa 3. Tabia ya wanaojifunza ni kuzipiga noti zote nane kwa nguvu sawa, na hapo ndipo mwimbaji anapofunikwa, kwa sababu uzi wa 5, ule mfupi unaoanzia freti ya tano (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), una sauti ya juu na kali inayopenya kila kitu. Wakati wa kuimba, acha dole gumba litoe mkazo kwenye uzi wa 3 peke yake, na uzi wa 5 uguswe kana kwamba unapukuta vumbi. Vilevile sogeza mkono wa kulia kutoka karibu na kidaraja, kile kibao kinachobeba nyuzi juu ya ngozi, uelekee upande wa shingo, sentimita nne au tano tu, na utasikia sauti ikilainika bila kubadilisha chochote kingine. Mwimbaji akimaliza ubeti na zamu yako ikafika, rudi karibu na kidaraja.

Unasema kwamba ukipunguza sauti mzunguko unavurugika. Nadhani ninaijua sababu, kwa kuwa niliiona mwezi uliopita kwa kijana mmoja ninayemfundisha. Nilipomwambia apige kwa sauti ndogo, alipunguza nguvu, lakini kidole chake cha kati kiliendelea kuruka mbali na uzi kama alivyozoea, karibu upana wa kidole kizima, hivyo kikawa kinachelewa kurudi na noti ya mwisho ya kila kipimo ikapotea. Sauti ndogo inataka mwendo mdogo. Egemeza kidole cha pete na kidole cha mwisho juu ya ngozi ya banjo, kisha piga ukitazama ncha za kucha za chuma unazovaa vidoleni zisiondoke mbali na nyuzi. Weka metronomu kwenye mapigo 60 kwa dakika, noti mbili kwa kila pigo, na usipande mpaka mzunguko huo mdogo uwe sawasawa kwa dakika nzima. Ukipanda, panda kwa mapigo matano tu.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vingi vinalipita haraka. Nyuzi zako zimewekwa katika G, na uzi wa 5 nao ni G. Katika kodi ya G (kodi ni noti kadhaa zinazosikika pamoja) uzi huo uko nyumbani, katika kodi ya C uko nyumbani pia, lakini katika kodi ya D noti ya G si ya kodi hiyo. Ukiupiga kwa mkazo chini ya sauti ya mwimbaji, yeye ndiye atakayeonekana ametoka kwenye ufunguo. Katika D, zungusha vidole kwenye nyuzi 4, 3, 2 na 1, au uache uzi wa 5 upite mahali pasipo na mkazo.

Na si lazima uzunguke muda wote. Bana freti ya 5 kwenye uzi wa 4, ya 4 kwenye uzi wa 3, ya 3 kwenye uzi wa 2 na ya 5 kwenye uzi wa 1. Hiyo ni G. Umbo hilohilo likisogezwa mpaka freti 10, 9, 8, 10 ni C, na likifika 12, 11, 10, 12 ni D. Gonga nyuzi za juu kwenye pigo la pili na la nne, kisha legeza vidole vya mkono wa kushoto mara moja bila kuviondoa juu ya nyuzi, ili sauti ikatike. Katika bendi za blugrasi kazi hiyo hufanywa zaidi na mandolini, na mandolini inapopiga solo banjo huishika. Ninyi hamna mandolini, kwa hiyo nafasi iko wazi, nami nakushauri uitumie katika ubeti wa kwanza wa kila wimbo, kisha uingize mzunguko kuanzia kiitikio. Fidla ikiwa inajaza mapengo ya pumzi, wewe usiyajaze. Kubalianeni mapema ni ubeti gani wa nani.

Kwa kuwa uko Dodoma, una mwalimu mwingine karibu. Sikiliza wapigaji wa ilimba wa Kigogo, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa madole gumba, au rekodi za mwanamuziki wao marehemu Hukwe Zawose: madole gumba yanarudia kifungu kifupi kilekile, na sauti ya mwimbaji inakaa juu yake bila kusukumwa. Banjo yenyewe asili yake ni Waafrika waliopelekwa utumwani Karibi na Amerika Kaskazini, walioitengeneza kwa kibuyu na ngozi, kwa hiyo sikio lako halikopi kitu cha kigeni.

SWALI: Kwaya yetu ina nyimbo za mapigo matatu. Mzunguko wa noti nane hauingii. Nifanyeje?
Msomaji wa Manyoni, Singida

JIBU: Kata noti mbili za mwisho. Mzunguko wa 3, 2, 1, 5, 1, 2 una noti sita na unatosha kipimo kizima cha mapigo matatu. Mkazo uwe kwenye noti ya kwanza pekee. Kwaya ikiimba taratibu sana, piga noti ya kwanza ya kila kipimo kwa dole gumba, kisha piga nyuzi mbili za juu kwa pamoja kwa vidole viwili kwenye pigo la pili na la tatu.

SWALI: Mwimbaji wetu hawezi kuimba katika G, anataka A. Nimefunga kapo, kile kibanio cha shingoni, freti ya 2 lakini banjo bado inasikika vibaya.
Msomaji wa Kongwa

JIBU: Kapo imepandisha nyuzi nne tu, uzi wa 5 umebaki kwenye G, nao sasa unapaswa kuwa A. Unaweza kuukaza kwa kigingi chake mpaka ufike A, taratibu, ukisikiliza. Ikiwa mwimbaji atahitaji kupanda zaidi ya hapo usiendelee kukaza, kwani uzi utakatika. Wapigaji wengi huweka misumari midogo iliyopinda kando ya freti ya 7 na zinazofuata, ambayo uzi wa 5 huchomekwa chini yake. Ya freti ya 7 ndiyo inayotoa A. Mpe kazi hiyo fundi wa gitaa mwenye keekee ndogo, na akuonyeshe kwanza tundu la majaribio kwenye kipande cha ubao mgumu kabla hajaigusa shingo ya banjo yako.