Haruka Kanata haikutungwa kwa ajili ya Naruto
Ukiuliza kama wimbo huu ulitungwa kwa ajili ya Naruto, ile anime (katuni ya Kijapani), jibu ni hapana: Asian Kung-Fu Generation, bendi ya roki ya Japani, walikuwa nao tayari kwenye albamu yao fupi ya 2002, Hōkai Amplifier. Naruto waliichukua 2003 ikawa wimbo wa ufunguzi wa pili. Lakini msiishie kwenye kipande cha TV, kile ni dakika moja na nusu tu. Tafuteni wimbo mzima, msikilize gitaa la besi linavyokimbia mwanzoni kabla wenzake hawajaingia kwa nguvu. Damu inachemka! Ukitaka moto wa aina hiyohiyo, shika Rewrite yao ya 2004, ila ipo kwenye anime ya Fullmetal Alchemist ile ya 2003, usiitafute kwenye Brotherhood, toleo lake la baadaye. After Dark ya anime ya Bleach nayo ni yao.